Mkufu umevishwa, daftari la waliojitolea liko wapi?

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Kila mwaka, kuanzia wiki za mwisho za Juni hadi Agosti, kurasa za habari za jamii hutuletea picha ile ile: rais wa klabu anayeondoka amenyoosha mikono, anayeingia ameinamisha shingo, mkufu unapita kati yao, na nyuma yao pazia la ukumbi wa hoteli. Klabu za Rotary na za Lions, zinazojitolea kuhudumia jamii, zote huhesabu mwaka wao kuanzia Julai 1 hadi Juni 30, ndiyo maana picha hizo huja kwa mkupuo. Sina ugomvi na picha. Ninachotaka kusema ni kwamba makabidhiano hayafanyiki usiku ule, na kwamba kitu cha kwanza kupotea kati ya uongozi mmoja na mwingine si fedha kama wengi wanavyodhani. Hupotea majina ya waliojitolea.

Fedha zina benki, zina mweka hazina, zina mtu wa kuuliza. Majina hukaa kwenye simu ya katibu. Nesi aliyepima presha za watu Jumamosi tatu mfululizo, dereva aliyebeba matangi ya maji bila kudai hela ya mafuta, mama lishe aliyepika kwa bei ya mali ghafi tu, wanafunzi wa Interact, klabu za Rotary za mashuleni, waliopanga foleni ya wagonjwa wa macho tangu alfajiri: hao wote wamehifadhiwa kama "Asha Nesi" na "Juma Canter". Katibu akimaliza mwaka wake, simu inaondoka naye. Uongozi mpya unaanza kutafuta watu upya, na wale wa mwanzo hawapigiwi tena, wala hawajui kwa nini.

Rotary ilianzishwa Chicago mwaka 1905, na jina lake limetokana na kuzunguka: vikao vya mwanzo vilihama kutoka ofisi ya mwanachama mmoja kwenda ya mwingine. Lions nao walizaliwa Chicago, 1917. Rotary ilifika Nairobi 1930 na Dar es Salaam 1949. Klabu hizi zimeishi muda mrefu kwa sababu moja iliyo wazi, kwamba kiti nacho huzunguka. Rais hukaa mwaka mmoja, basi, hakuna anayepata nafasi ya kuigeuza klabu kuwa shamba lake. Lakini utaratibu huo una bei. Kila baada ya miezi 12 kumbukumbu zote hupakiwa na kupakuliwa, na yeyote aliyewahi kuhama nyumba anajua kwamba kabati hufika. Kinachobaki njiani ni ufunguo wake.

Na hakuna anayeweza kusema alishtukizwa. Kanuni za Rotary zinataka rais achaguliwe kati ya miezi 18 na miaka 2 kabla ya kushika kiti, hivyo huwa na mwaka mzima wa kukaa pembeni kama rais mteule na kuangalia. Majina ya viongozi wanaokuja yanatakiwa yawe yameingizwa kwenye mfumo wa Rotary ifikapo Februari 1. Kwa Lions, mtu hupanda ngazi ya makamu kabla ya kufika juu. Muda upo. Unachezewa.

Bodi mbili, inayoondoka na inayoingia, zikutane mara mbili: katikati ya Mei na wiki ya mwisho ya Juni. Kikao cha Mei kisiwe cha taarifa ya mafanikio. Hiyo ina usiku wake. Kila mwenye kazi aje na karatasi moja yenye mambo manne: kinachoendelea, kilichokwama na sababu ya kukwama, fedha iliyopokelewa dhidi ya iliyotumika na iliyobaki, na watu walioshika kazi hiyo, wanachama na wasio wanachama. Hilo la nne ndilo huachwa wazi. Mwenyekiti asiipokee karatasi isiyo nalo. Kikao cha Juni ni cha kuhakiki tu: je, yaliyoahidiwa Mei yamekabidhiwa?

Benki ndiyo inayoumiza klabu nyingi kila Julai, na kosa huwa dogo. Muhtasari wa kikao huandikwa "viongozi wapya ndio watakaokuwa watia saini", benki inaurudisha. Muhtasari unaopita hutaja majina kamili ya wanaotolewa, majina kamili ya wanaoingizwa yakiwa kama yalivyo kwenye vitambulisho vyao vya Taifa, namba ya akaunti, namna ya kutia saini (kwa mfano wawili wowote kati ya watatu), tarehe ya kuanza, na orodha ya waliohudhuria yenye saini zao. Mwenyekiti na katibu wanatia saini, muhuri unapigwa. Zinaambatana nakala za vitambulisho na picha ndogo za wapya, na mara nyingi benki hutaka wapya wafike wenyewe. Mtu ambaye kwenye klabu anajulikana kwa jina la ubatizo au la ukoo peke yake, lakini kitambulisho chake kina majina matatu, atasababisha muhtasari uandikwe upya. Kama klabu imeandikishwa kwa Msajili wa Jumuiya katika Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, taarifa ya mabadiliko ya viongozi ipelekwe huko nako, na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa itunzwe, kwa kuwa benki huweza kuiomba.

Muhtasari huo uandikwe mapema Juni na upelekwe Juni, tarehe ya kuanza ikiwa Julai 1. Ukisubiri hafla ipite, utakuta mtia saini mmoja wa zamani amesafiri, mwingine ameacha klabu kwa hasira, na akaunti imelala mpaka Septemba. Hapo ndipo huzuka ule mchezo mbaya wa mweka hazina anayeondoka kusaini hundi tupu tano "za kuwasaidia". Asisaini. Malipo yanayojulikana ya Julai yafanyike wiki ya mwisho ya Juni kwa saini halali, yaishe.

Kuna bili moja ambayo katibu anayeondoka ndiye anayeiamua, ingawa italipwa na anayeingia. Ada za kimataifa za Rotary hutozwa kila nusu mwaka, Julai na Januari, kwa kuhesabu majina yaliyo kwenye mfumo siku ya kwanza ya mwezi huo. Mwanachama aliyehamia mkoa mwingine Machi na hakuondolewa kwenye orodha, klabu inamlipia. Watano wa namna hiyo, klabu ndogo inaanza mwaka na deni la watu wasiokuwepo. Basi orodha isafishwe kabla ya Juni 30, na siyo na katibu mpya ambaye bado hata nenosiri hajapewa.

Nenosiri nalo. Barua pepe ya klabu, ukurasa wa Facebook, hifadhi ya picha na nyaraka mtandaoni, kundi la WhatsApp: kila kimoja kina mwenyewe, na kwa kawaida mwenyewe ni mtu aliyekifungua miaka sita iliyopita. Kubadilisha nenosiri hakutoshi, maana namba ya uthibitisho bado hutumwa kwenye simu ya yule wa zamani. Badilisheni namba ya simu ya uthibitisho kwanza, kisha nenosiri, kisha ondoeni vifaa vya zamani. Kubwa zaidi ni laini ya kupokelea michango. Hapa kwetu laini husajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo laini iliyosajiliwa kwa jina la mweka hazina ni yake kisheria hata kama klabu ndiyo iliyoinunua, na salio lililomo halitofautiki na pesa yake ya sokoni. Kukabidhi kadi ya simu mkononi si kukabidhi. Klabu ifungue lipa namba kwa jina lake yenyewe, iliyounganishwa na akaunti yake ya benki. Kabla ya hapo, salio litolewe lote Juni 30, liingizwe benki, na stakabadhi ibandikwe kwenye faili.

Suala la mifuko miwili halihitaji maneno mengi, ila lisemwe. Pesa iliyochangwa na umma kwa ajili ya huduma hurudi kwa umma. Lions wamelifanya hilo kuwa kanuni, na Rotary hutaka bajeti ya klabu igawanywe mara mbili, ya uendeshaji na ya huduma. Chakula cha usiku wa mkufu, mapambo, muziki, ngao: hivyo vyote ni uendeshaji, au mifuko ya wanachama. Klabu iliyouza tiketi za matembezi ya hisani kwa ajili ya madawati haina ruhusa ya kukata humo hata gharama ya keki.

Miradi inayofadhiliwa na Mfuko wa Rotary ina masharti ya peke yake. Ruzuku ya kimataifa huanzia bajeti ya dola 30,000. Taarifa ya maendeleo hutakiwa kila miezi 12, ya mwisho ndani ya miezi 2 baada ya mradi kukamilika, na nyaraka zake zitunzwe angalau miaka 5. Kwa lugha nyingine, risiti ya bomba lililonunuliwa mwaka huu yapaswa kuonekana mkononi mwa rais wa tano baada ya huyu. Sasa angalia risiti zenyewe: za mashine za kodi za EFD huchapwa kwa joto, na maandishi yake hufifia, hasa faili likikaa kwenye buti la gari au kabati la bati. Zitolewe kivuli siku ile ile zinapopokelewa, kivuli kibandikwe juu ya asili. Waraka wa makubaliano wa klabu kuhusu ruzuku husainiwa na rais pamoja na rais mteule; mteule asiusaini kama anavyosaini kadi ya harusi, asome, kwa kuwa yeye ndiye atakayeulizwa.

Nije kwenye miti, maana hapo ndipo mtu anaona kwa macho namna makabidhiano yanavyoua kazi. Klabu za Pwani na ukanda wote wa masika hupanda miche Machi na Aprili. Mvua hukatika Mei au mwanzoni mwa Juni. Julai 1 uongozi unabadilika. Mche wa miezi mitatu, mizizi bado mifupi, unaingia kiangazi siku zile zile ambazo anayeondoka amepumua na anayeingia anapanga hafla. Miche 200 ikipewa lita 10 kila mmoja mara mbili kwa wiki ni lita 4,000 za maji kwa wiki, mpaka vuli ianze Oktoba au Novemba. Hayo maji yanatoka wapi, yanabebwa na nani, na nani ana ufunguo wa bomba la shule wakati wa likizo? Mara nyingi jibu ni mlinzi wa shule na watoto wachache wanaokaa jirani, ambao hawamo kwenye karatasi yoyote ya klabu. Uongozi mpya haujui kwamba wapo. Agosti hakuna aliyempelekea mlinzi hata salamu. Septemba miche imekauka. Mwaka unaofuata klabu inapanda mingine 200 palepale na kupiga picha. Katika faili la makabidhiano, jina la mlinzi yule lina thamani kuliko ripoti ya kurasa 20 yenye picha za rangi.

Kisima ni vivyo hivyo: nani ana ufunguo wa kibanda cha pampu, fundi yupi aliifunga, hati ya dhamana inaisha lini, nani katika kamati ya maji hukusanya hela ya ndoo. Nisiongeze.

Sasa daftari lenyewe. Halihitaji programu ya kompyuta. Daftari la mistari lenye jalada gumu linatosha, liwe mezani kwenye kila kazi, na mtu mmoja apewe jukumu la kulishika; asiwe rais wala katibu, hao siku ya kazi wana mengi. Safu ni hizi: jina kamili kama mwenyewe anavyolitaka liandikwe, na aliandike mwenyewe kwa mkono wake ikiwezekana, simu, tarehe, kazi aliyofanya, siyo "msaada" bali "aliandikisha wagonjwa", "aliosha sufuria", "alipima uzito watoto", saa ya kuingia na ya kutoka, nani alimleta, na kama amekubali picha yake kutumika. Safu ya "nani alimleta" huonekana ya kijinga mpaka siku namba ya simu inapobadilika. Balozi wa nyumba kumi, mtendaji wa mtaa, padri au imamu aliyemtuma kijana yule bado yupo.

Kila baada ya kazi, mshika daftari apige picha kurasa za siku hiyo na kuzituma kwa katibu na kwa rais mteule. Siyo kwa katibu peke yake. Kwa njia hiyo ifikapo Mei mteule ana orodha ya mwaka mzima mkononi hata kama katibu ataondoka na kinyongo. Daftari la asili hukabidhiwa kwa saini kwenye kikao cha Juni pamoja na mkufu, kengele na nyundo yake. (Nyundo itajwe peke yake. Kengele ya klabu haipotei, ni nzito. Nyundo ndiyo hupotea, na rais mpya huishia kugonga glasi kwa kijiko.)

Tahadhari mbili. Kwa watoto, ridhaa ya picha ni ya mzazi au mlezi, siyo ya mwalimu aliyewaleta. Na kwa waliochangia damu, klabu isitunze chochote zaidi ya jina na simu kwa ajili ya shukrani na mwaliko. Majibu ya vipimo ni siri kati ya mchangiaji na watu wa Damu Salama. Wala majina yao yasibandikwe ukutani. Aliyerudishwa kwa sababu ya uzito chini ya kilo 50 au wekundu wa damu kuwa mdogo naye amejitolea, ameacha shughuli zake akaja, lakini orodha ya ukutani humfanya aonekane ana walakini. Shukrani bora kwa mchangiaji ni ujumbe mfupi unaomtajia siku anayoweza kurudi: mwanamume baada ya miezi 3, mwanamke baada ya miezi 4.

Tuje kwenye vyeti na ngao. Hapa kuna mkanganyiko ambao klabu zenyewe huulea. Mtu akiitwa jukwaani kuvishwa pini ya Paul Harris Fellow, ukumbi hudhani ameshinda kwa kuchapa kazi. Pini ile hutambua mchango wa dola 1,000 kwa Mfuko wa Rotary, uliotolewa na mtu huyo au na wengine kwa jina lake. Lions wana yao, Melvin Jones Fellow, kwa kiasi hicho hicho kwenda mfuko wao. Ni jambo jema, pesa hizo zimechanja watoto na kufungua macho ya watu, na klabu inaweza kuchangia kwa jina la nesi asiye mwanachama kabisa, ikawa shukrani nzito. Lakini mshereheshaji aseme ni kitu gani. Asiposema, mama aliyeosha sufuria Jumamosi nane anakaa nyuma ya ukumbi akidhani kazi yake ilipimwa ikaonekana pungufu.

Cheti cha mtu aliyejitolea kiseme alichofanya. "Kwa mchango wako mkubwa" ni maneno ya kumpa yeyote. "Kwa kuandikisha wagonjwa 340 katika kambi ya macho" hakipewi mwingine. Namba iwe ya kweli, na daftari ndilo litakaloitoa. Majina yatumwe kwa wenyewe kwa ujumbe wa simu wiki mbili kabla ya kuchapa, kila mmoja ajibu kama limeandikwa sawasawa. Kosa la herufi moja linakifanya cheti kisiweze kuambatishwa kwenye maombi ya kazi. Chapeni vitano zaidi bila jina, kwa kuwa siku ya hafla lazima ajitokeze mtu aliyesahauliwa, na awepo mwenye mwandiko mzuri na kalamu nzuri. Rais anayeondoka ndiye anayesaini, tarehe iwe kabla ya Juni 30, maana kazi ilifanywa mwaka wake. Vyeti vya kazi ya mwaka jana vyenye saini ya rais mpya ni kama risiti ya duka lingine.

Kwa vijana, kipo kinachozidi cheti: barua. Ukurasa mmoja wenye nembo ya klabu, unaotaja kijana alifanya nini, tarehe gani hadi gani, jumla ya saa, chini ya usimamizi wa nani, na namba ya simu ya klabu ambayo bado itapokelewa mwaka ujao. Barua hiyo itolewe siku anayoiomba, isingoje Juni. Kijana wa Rotaract, klabu ya vijana ya Rotary, anayetafuta kazi Novemba hawezi kuambatisha ahadi.

Na kuna shukrani ambayo haipigiwi picha, nayo ni nauli. Anayejitolea hutoa muda wake. Kumwachia na nauli ya mabasi mawili kwenda na kurudi, pamoja na kushinda njaa, ni kumtoza. Nauli na chakula cha mchana viwe kwenye bajeti ya kila kazi, vilipwe siku hiyo hiyo, kwa kiwango kimoja kwa wote, na visainiwe. Vurugu huanza pale baadhi wanapopewa posho ya chini chini kwa kuwa wana vyeo na wengine wakaambiwa wao ni wa kujitolea. Habari hiyo hufika kwa wote kabla jua halijazama.

Ratiba ya usiku wenyewe, kama lazima uwe wa hotelini: utambuzi wa waliojitolea utangulie, mkufu ufuate, hotuba ya rais mpya mwisho. Wengi hufanya kinyume kwa kuwa mgeni rasmi anataka kuondoka mapema. Matokeo yake ni kwamba rais aliyekwisha kuvua mkufu anagawa vyeti kwa ukumbi uliokwisha kusimama kuelekea kwenye chakula. Isitoshe, mgeni rasmi na wanachama wana magari. Waliojitolea wanaangalia saa kwa ajili ya daladala ya mwisho. Sehemu yao ya ratiba iwe imemalizika ifikapo saa mbili usiku. Na kwa heshima zote, kadi ya mwaliko kwa aliyejitolea isiwe na bei ya sahani! Yapo mambo ya namna hiyo: mtu anaalikwa kushukuriwa, kisha anatakiwa kulipia chakula ambacho ni zaidi ya pato lake la siku tatu. Hatakuja, na klabu itasema alialikwa.

Kwa maoni yangu hata hivyo, hoteli si mahali pake. Mcheza kwao hutunzwa. Aliyefagia zahanati ashukuriwe pale zahanati, Jumamosi asubuhi, mbele ya majirani zake na mganga mfawidhi, kwa chai na maandazi. Wawakilishi wawili watatu ndio waje ukumbini. Tena isiwe mara moja kwa mwaka. Desemba 5 ni Siku ya Kimataifa ya Kujitolea, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1985, nayo huangukia karibu katikati ya mwaka wa klabu. Ukishukuru watu wa Julai hadi Novemba siku hiyo, wakati majina bado mabichi, Juni inabaki na nusu ya mzigo, na daftari linakuwa limehakikiwa mara moja kabla ya kukabidhiwa.

Nimalizie na ninyi wa gazeti, Mhariri. Picha ya mkufu huja na maelezo yenye majina ya watu wanne: anayetoa, anayevaa, mgeni rasmi na mwenza wake. Mwandishi wenu akifika Julai hii, aombe kuonyeshwa daftari la waliojitolea. Likiwepo, achukue humo majina matatu, ayahakiki kwa wenye nayo, ayachape pamoja na kazi walizofanya, hata kwa herufi ndogo chini ya picha. Lisipokuwepo, aandike kwamba aliliomba.

Msomaji wenu na mwanaklabu,
Tanga